Machicha ya juisi: usiyapikie chakula kipya, yatie kwenye chakula ulichokuwa unapika

Mkuu swali lako zuri, na naona wengi tunaokamua juisi nyumbani tunalo hilo hilo ila hatulisemi. Umesema unakamua karoti, maepo na tangawizi karibu kila siku, unabaki na bakuli zima la machicha, roho inakuuma kuyamwaga, ukajaribu kuyaokea keki ikatoka kavu haina ladha, na sasa unauliza kama kweli hayo makapi yanalika au ni maneno ya watu tu. Yanalika, tena vizuri sana. Mi nimekamua juisi miaka mingi sasa na machicha karibu yote kwangu yanaishia kwenye sufuria, kwa hiyo naomba uvumilie nikuandikie kirefu.

Naanzia kwenye hiyo keki kwa sababu ndo inakatisha watu wengi tamaa. Mtu akibaki na machicha anaenda kutafuta "mapishi ya machicha", anakuta keki, anatoa mayai matatu, sukari, mafuta, unga, anawasha oveni dakika arobaini, yote hiyo ni kuokoa kikombe kimoja cha karoti zilizokamuliwa. Keki ikikataliwa nyumbani inaingia kwenye taka na kila kilichomo ndani yake, hapo umetupa vingi kuliko ulivyotaka kuokoa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yake ya 2024 lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, sio hotelini wala madukani. Majumbani kwetu. Kwa hiyo mi nashikilia hivi: usianzishe chakula kipya kwa ajili ya machicha. Angalia leo au kesho unapika nini, halafu yatie humo humo. Ukishika hilo tu nusu ya tatizo lako limeisha, kwa sababu hutahitaji mapishi, utahitaji tu kujua machicha yanafanyaje ndani ya chakula.

Na yanafanyaje? Ukishakamua, maji yameondoka, sukari nyingi imeondoka, na harufu nzuri ya tunda nyingi imeenda kwenye glasi. Kilichobaki zaidi ni nyuzinyuzi, hasa zile zisizoyeyuka kwenye maji, pamoja na pektini kiasi (ile inayogandisha jemu) na rangi. Ndo maana keki yako ilikauka: uliweka machicha pale ambapo mapishi yalitaka karoti mbichi iliyokunwa, na karoti iliyokunwa inaingia na maji yake yote na utamu wake wote, wakati machicha hayaji na maji, yanakuja kunywa maji ya wenzake. Lakini sio kwamba hayana faida. Chukua karoti, ile beta-karotini yake, yaani rangi ya chungwa ambayo mwili unaigeuza vitamini A, haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo sehemu kubwa tu inabaki kwenye machicha na unaiona kwa macho, bado yana rangi ya chungwa imekolea. Ukiyapitisha kwenye mafuta ya moto mwili unaifyonza kirahisi zaidi. Halafu hizo nyuzinyuzi zenyewe ndo kitu ambacho wengi wetu hatuli vya kutosha, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula cha kawaida. Na shirika hilo hilo linaihesabu sukari iliyoko kwenye juisi ya matunda kwenye kundi la sukari za kupunguza, pamoja na asali na sukari ya mezani, japo tunda zima haliko huko. Kwa hiyo tunayokunywa ndo ya kuangalia kiasi, na tunayoyamwaga ndo tuliyokuwa tunayahitaji.

Sasa kazi yenyewe inaanza kabla hujawasha mashine, na hapa nakuomba usiruke. Kama machicha utayala basi yaandae kama chakula. Osha kila kitu vizuri, karoti isugue kwa brashi, kata kichwa chake kile cha juu. Epo litoe kokwa na zile mbegu, kwa sababu mbegu za epo zina amigdalini ambayo ikisagwa inatoa sumu ya sianidi, ni kidogo lakini hakuna sababu ya kuzisaga halafu uzipike. Chungwa na limau toa ganda na ule weupe wa ndani kadri unavyoweza, na mbegu pia, uchungu wote uko hapo na hautoki hata upike vipi. Nanasi menya kabisa. Seleri na mboga za majani zenye nyuzi ndefu kata vipande vya sentimita mbili hivi kabla ya kukamua, maana ukitumbukiza bua zima utapata machicha yenye kamba ndefu zinazokwama kwenye meno, na hakuna kisu kitakachozimaliza baadaye.

Halafu kamua kwa mafungu. Hili ndo lililobadilisha kabisa jikoni kwangu. Anza na matunda matamu, simamisha mashine, toa machicha weka bakuli lake. Kisha karoti na mboga nyingine zisizo na harufu kali, toa. Mwisho tangawizi, bitiruti na majani, kila kimoja chombo chake. Juisi unaichanganya kwenye jagi, haijali ilitoka kwa mpangilio gani, ila machicha yakishachanganyika epo na seleri na tangawizi na bitiruti kwa pamoja hayafai kwenye keki wala kwenye mchuzi, na ni hayo machanganyiko ndo watu wanayamwaga.

Aina ya mashine nayo ina neno. Zile za kuzungusha kwa kasi, zenye kisu na chujio, zinaacha machicha yenye unyevu bado. Zile za taratibu zenye parafujo inayosaga na kukandamiza zinaacha makavu, ukiyaminya mkononi hata tone halitoki. Ya blenda ukichuja kwa kitambaa yanakuwa laini na maji maji. Kwa hiyo usinakili kipimo cha maji kutoka kwa mtu bila kujua anatumia mashine gani. Minya machicha kwenye ngumi: yakitoa maji usiongeze sana kwenye chakula, yakishikana bila kutoa maji ongeza vijiko viwili vya chakula kwa kila kikombe, yakimong'onyoka ongeza vinne. Na hicho cha kuongeza kiwe juisi yenyewe, au maziwa, au supu, kiwe kitu chenye ladha, sio maji matupu.

Kuhifadhi: machicha yanaharibika haraka kuliko tunda zima, yamesagwa, hewa imeingia kila mahali na bakteria wana pa kukaa. Yasikae mezani zaidi ya masaa mawili, kukiwa na joto kali fanya saa moja. Kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa yatumie ndani ya siku mbili. Epo litageuka kahawia, hiyo ni hewa tu, kamulia limau kama inakukera, kwenye chakula cha kupika haina shida. Ila yakinuka uchachu au yakianza utelezi usiyaonee huruma. Kama hupiki leo weka friza moja kwa moja, na hapa nina njia yangu: napima kikombe kimoja kimoja, naweka kwenye mfuko wa zipu, nayabana mpaka yawe bapa, naandika jina na tarehe. Bapa kwa sababu unaweza kuvunja kipande unachotaka yakiwa bado barafu na kukitupia kwenye sufuria bila kuyeyusha. Yanakaa miezi mitatu bila shida. Hiyo friza ndo inakupa nafasi ya kusubiri siku unapika kitu kinachoyafaa, hulazimiki kuhangaika asubuhi hiyo hiyo.

Basi twende kwenye sufuria. Kwangu mimi nafasi ya kwanza ya machicha ya karoti sio keki, ni mchuzi. Unakaanga kitunguu kwenye mafuta mpaka kianze kuwa cha dhahabu, unatia machicha ya karoti na ya seleri kama unayo, unayakaanga nayo dakika tano mpaka sita moto wa kati mpaka yaanze kushika chini na kutoa harufu tamu, ndo unaweka kitunguu swaumu na nyanya na vingine vyako. Hizo dakika za kukaanga usizikate, machicha yakitiwa mabichi kwenye maji yanabaki na ladha ya karatasi, yakikaangwa kwanza yanapata utamu na yanalainika. Mwisho mchuzi unakuwa mzito bila unga wowote. Kikombe kimoja kinatosha sufuria ya watu wanne mpaka watano. Hivyo hivyo kwenye dengu, kwenye maharage, kwenye nyama ya kusaga, na kwenye supu ya kusagwa ambapo unapitisha blenda mwishoni na mtu hajui kama kulikuwa na kitu. Kwa nyama ya kusaga naweka sehemu moja ya machicha kwa sehemu tatu za nyama, zaidi ya hapo inaanza kumong'onyoka.

Mchuzi wa mboga wa kuchuja, ule wa kuweka akiba kwa ajili ya supu, unawezekana pia, chemsha machicha na kitunguu, jani la bei (bay leaf) na pilipili manga dakika thelathini, chuja kwa kitambaa. Ila usiweke kabichi na jamaa zake, zikichemka muda mrefu zinatoa harufu nzito ya salfa, na bitiruti itakupaka kila kitu rangi. Kiukweli mi hii sipendi sana kwa sababu ukimaliza bado una machicha mkononi, umeahirisha tu.

Katlesi za mboga zinakubali sana. Vikombe viwili vya machicha ya mboga, kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa na kupondwa, yai moja, kitunguu kilichokaangwa, chumvi, bizari nyembamba, pilipili ukipenda, na chenga za mkate kidogo kidogo mpaka mchanganyiko ukubali kushikana. Sasa hapa kuna kitu: uache ukae robo saa kabla ya kufinyanga, machicha yanaendelea kunywa unyevu, ukifinyanga haraka unadhani ni maji maji unajaza chenga za mkate halafu zinatoka ngumu. Onja chumvi kabla (kaanga kidonge kidogo uonje, usionje likiwa na yai bichi), kwa sababu machicha yanataka chumvi na viungo kuliko unavyozoea, ladha yake imeshaondoka, wewe ndo unairudisha. Moto wa kati, dakika nne nne kila upande. Kama hutumii yai, kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa kwenye vijiko vitatu vya maji, kaa dakika kumi, zinatoa utelezi unaoshika.

Haya keki, maana najua bado unaitaka na mimi naipika, ila naipika siku ambayo keki ilikuwa ipikwe. Kikombe na nusu cha unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda, mdalasini, chumvi kidogo. Pembeni mayai matatu, nusu kikombe cha mafuta ya maji, na hapa ndo pa muhimu, kikombe kimoja cha machicha ya karoti ambayo umeshayachanganya na vijiko vinne vya juisi ile ile ya karoti na epo na kuyaacha dakika kumi yanywe. Ukifanya hivyo yanaingia yakiwa yameshiba, hayatavuta maji ya unga. Changanya vikavu na vibichi, usipige sana, oveni 180, dakika thelathini na tano mpaka arobaini kwa chombo cha sentimita ishirini, choma kijiti katikati kitoke kikavu. Karanga au zabibu kavu zinasaidia kwa sababu zinavunja ule ufanano wa mdomoni. Ukiwa na machicha ya epo changanya nusu kwa nusu. Machicha ya bitiruti kwenye keki yanageuka kahawia yakipata joto na beking pauda, ukitaka wekundu ubaki kidogo weka maji ya limau au mtindi, lakini usitegemee ile rangi ya kwenye glasi.

Pankeki ni rahisi zaidi kuliko keki, nusu kikombe cha machicha ya tunda kwenye mchanganyiko wako wa kawaida na maziwa ya ziada, basi. Uji wa oti vile vile.

Biskuti za chumvi nazipenda kwa ajili ya machicha ya majani ambayo hayana pa kwenda. Vikombe viwili vya machicha ya mboga, nusu kikombe cha mbegu za kitani zilizosagwa au chia, vijiko vitatu vya ufuta, chumvi, mafuta vijiko viwili, maji kiasi cha kupakika. Acha nusu saa. Tandaza kwenye karatasi ya kuokea unene wa milimita tatu, chora mistari ya kukatia kwa kisu, oveni 150, baada ya dakika arobaini geuza, endelea mpaka ziwe kavu kabisa. Zisipokuwa kavu kabisa zitalegea kesho yake na ukungu utafuata, kwa hiyo zikipoa jaribu kuvunja moja, isipolia rudisha ndani.

Matunda sasa. Machicha ya epo yana pektini nyingi, kwa hiyo jemu inaganda yenyewe: machicha, sukari nusu ya uzito wake, maji au juisi mpaka yafunikwe, limau moja, chemsha polepole ukikoroga. Kwa sukari kidogo hivyo usiihesabu kama jemu ya kabatini, weka friji ule ndani ya wiki mbili. Nanasi lina kimeng'enya kinaitwa bromelini kinachovunja protini, hilo ni zuri na baya kwa wakati mmoja. Zuri kwa sababu machicha yake mabichi yanalainisha nyama ngumu, paka dakika thelathini, usilaze usiku nyama itakuwa uji. Baya kwa sababu ukiyatia mabichi kwenye jelatini haitaganda na kwenye maziwa au mtindi yanaleta uchungu baada ya muda. Yachemshe kidogo kwanza, joto linakiua. Tangawizi nayo ina cha kwake cha namna hiyo, na machicha yake yana nguvu bado, hayo usiyachanganye na kitu, gandisha kwenye trei ya barafu, kipande kimoja kwenye chai au kwenye mchuzi kinatosha.

Kama una mengi mno kuliko unavyopika, kausha. Tandaza nyembamba, oveni digrii 60 mpaka 70 mlango uwe wazi kidogo, masaa manne mpaka sita kutegemea unyevu, ukiyashika yavunjike sio yajipinde, halafu saga kwenye blenda uwe unga. Unga huo tia kwenye mkate au biskuti badala ya sehemu moja ya kumi ya unga wa ngano, usizidi hapo kwa mkate wa hamira, hauna gluteni (ile protini ya ngano inayovutika na kuushika mkate) na nyuzi zake zinakata zile za ngano, mkate unakuwa mfupi na mzito. Lakini masaa sita ya oveni kwa gramu mia za unga mi naona ni hesabu mbaya kama hakuna kitu kingine kinachookwa. Kama una kikaushio au jua la uhakika na sehemu safi yenye wavu wa nzi, hapo sawa.

Na kuna ambayo sili. Yenye maganda ya chungwa, matango yaliyokuwa machungu, mboga za majani zilizozeeka zilizobaki kamba tupu. Hayo yanaenda kwenye mboji, ila yasiende peke yake kwa sababu yana unyevu bado na yamesagika, yanajibana hewa haipiti yanaanza kunuka. Changanya na majani makavu au karatasi za boksi zilizochanwa, vikavu viwe viwili mpaka vitatu kwa kimoja cha machicha, na uyafukie ndani sio juu.

Lingine nikuulize wewe kwa nia njema kabisa: hiyo juisi yote mnaimaliza? Kwa sababu kama jagi linabaki na machicha yanabaki, dawa ya kwanza ni kukamua kidogo. Siku nyingine piga epo na karoti kwenye blenda bila kuchuja, ni nzito kidogo, ongeza maji, na machicha hayapo kabisa kwa sababu umeyanywa.

Kwa karoti, epo na tangawizi zako mi ningeanza wiki hii na vitu viwili tu: kukamua kwa mafungu, na machicha ya karoti kwenye mchuzi wowote utakaopika. Keki iache mpaka siku mtu nyumbani aitake. Na nitajie mashine yako ni ya aina gani, ya kasi au ya taratibu, maana vipimo vya maji nilivyoweka hapo kwenye keki ni vya machicha makavu ya mashine ya taratibu, kama yako ni ya kasi punguza ile juisi iwe vijiko viwili.